Mkanda Juu ya Fulana

Arlington, 6 Septemba 1998

Mama Tasnim,

Tumekubaliana tuandikiane, maana kwenye simu tunagombana kabla ya salamu kuisha, na kadi ya simu inakatika tukiwa tumenuniana. Basi haya, hamjambo huko Houston? Mwambie Tasnim baba yake anamsalimu, na safari hii ajibu kwa Kiswahili.

Nilikwenda kwa yule daktari anayepima madereva wa malori. Presha iko juu, na alipousikiliza moyo wangu hakuupenda. Alitaka nikapimwe hospitali, nikimbizwe juu ya mashine huku nimefungwa nyaya. Nikamwambia sina bima. Akafikiri, akasema basi nikimbie mwezi mzima na saa inayohesabu mapigo ya moyo, kisha nimpelekee namba. Zikiwa nzuri, atanipa kadi ya udereva. Zikiwa mbaya, nisahau lori, nibaki hapa ghalani nikipanga maboksi. Nikilipata lori lile nitaleta mzigo Houston kila wiki, na tutalala nyumba moja tena kama watu na ndoa yao. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani kwa sasa.

Saa nimeipata kwenye duka la vitu vya rehani, haina hata karatasi ya maelezo. Ina mkanda wa kufunga kifuani. Mkanda unausikia moyo, unaipelekea saa habari bila waya, na saa inaonyesha namba. Wazungu hawa wana mambo.

Wako,
Shuaib


Houston, 12 Septemba 1998

Baba Tasnim,

Sisi wazima. Tasnim amesema "Tell him hi", na nimemwambia hiyo haihesabiki.

Hiyo saa siipendi. Kitu kinachorusha mapigo ya moyo wa mtu hewani, kinarusha na nini tena? Na nani mwingine anayapokea? Hapa chuoni ya moyo hatujafika, ndiyo kwanza tunafundishwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, lakini sihitaji cheti cha uuguzi kujua kwamba umeme na moyo havikai pamoja. Usiufunge mkanda huo kwenye ngozi. Vaa fulana yako ya ndani, ufunge juu yake. Uniapie.

Na mkono wa kushoto, ule uliosema unakufa ganzi, umepona au umeamua kutonitajia tena? Na duka hilo la rehani nani alikuelekeza? Wewe huwezi kupata hata msikiti bila kuuliza njia mara tatu.

Mwanabaraka


Arlington, 27 Septemba 1998

Mama Tasnim mpenzi,

Barua yako imenikuta sijaufunga mkanda hata mara moja, nami nimekutii. Fulana kwanza, mkanda juu. Aliyenielekeza duka ni jirani tu, usianze.

Sasa kaa chini. Unajua mumeo ana moyo wa namna gani? Nakimbia nusu saa katika bustani iliyo karibu na mto, jasho linanitoka mpaka kwenye viatu, pumzi inapiga mluzi, na nikitazama saa, mapigo mia na ishirini tu! Muuzaji wa duka alisema kwa umri wangu hata mia na hamsini si vibaya. Kumbe ndani mimi ni kijana, ni tumbo tu lililozeeka.

Saa yenyewe ina vituko. Nyumbani inaonyesha sufuri, kama imevaliwa na maiti. Nikifika bustanini na kuanza kukimbia, inaamka. Nadhani ni ya wanamichezo, haipendi watu waliokaa.

Mkono ni gesi. Naacha pilipili na utapona.

Shuaib wako


Houston, 3 Oktoba 1998

Baba Tasnim,

Nimeishi nawe miaka kumi na mbili. Ukipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili unasimama katikati, unajipapasa mifuko, eti unatafuta funguo. Funguo unazo mkononi. Mimi husimama nyuma yako nikangoja mpaka pumzi ikurudie, wala sikusemi. Leo uniambie unakimbia nusu saa na moyo umetulia hivyo? Mwambie mwingine.

Umemvalisha nani saa hiyo? Kijana gani wa ghalani anakukimbilia, wewe umekaa kwenye benchi na gazeti? Kama unataka kumdanganya daktari, danganya, lakini usinidanganye mimi ninayekuombea Mungu usiku.

Binamu yangu Haitham atatoka Richardson Jumapili kuja kukusalimu. Mpokee vizuri.

Mwanabaraka


Arlington, 11 Oktoba 1998

Mwanabaraka,

Haitham alifika. Alileta sambusa, akakagua nyumba kama afisa wa forodha. Alifungua friji, akafungua kabati la viatu, akaenda msalani mara mbili, na mara zote mbili alipita chumbani. Nilimuuliza, "Umepoteza kitu, sheikh?" Akasema, "No no, bro, na-check tu kama AC inafanya kazi." Kama ulitaka kunipeleleza ungetuma mtu mwenye haya kidogo.

Sikumvalisha mtu. Wallahi mkanda ulikuwa kifuani pangu kila siku niliyokimbia, na namba nilizisoma kwa macho yangu. Kama hata kiapo huamini, sijui nikuandikie nini.

Daktari ameziona namba, akafurahi. "You're doing great, my friend," na kadi akaniwekea saini. Mzigo wa kwanza ni wa El Paso, Jumatano tarehe nne Novemba. Nilidhani nitakuandikia habari hii nikicheka.

Shuaib


Houston, 17 Oktoba 1998

Shuaib,

Haitham kabatini hakukuta kitu. Barazani ndiko alikokuta chupa mbili za maji ya kukimbilia, zimeanikwa pamoja, moja imefungwa kibanio cha nywele. Wewe una upara.

Sikulala. Jana nilikwenda duka la vifaa vya michezo, nikamuuliza mama mmoja muuzaji ni vipi saa ya moyo inaweza kusema uongo. Akanieleza kwa heshima, akidhani nataka kununua. Wanaokimbia wawili, alisema, wote wana mikanda, wasikaribiane sana, maana saa ya mmoja inaweza kudaka mapigo ya mwingine. Ni lazima wawe karibu hasa, kiwiko kwa kiwiko.

Sasa ndiyo nimeelewa kile kiapo chako. Kweli, mkanda ulikuwa kifuani pako. Lakini daktari umempelekea moyo wa nani? Nani huyo anayekimbia ubavuni pako, karibu kiasi kwamba moyo wake unaingia kwenye saa yako? Mimi niko huku nasafisha wazee wa watu na kusoma mpaka macho yanauma, nikidhani tunajenga nyumba moja. Nimeumia, Shuaib. Nataka jina.

Mwanabaraka


Arlington, 21 Oktoba 1998

Mwanabaraka,

Jina ni Moraa. Ni Mkenya wa Kisii, nesi, anakaa ghorofa ya chini jengo hili hili. Anafanya mazoezi ya mbio ndefu za Dallas za mwezi wa Desemba. Alinikuta bustanini nimeshika mti nikihema, akanionea huruma, akawa anapunguza mwendo tukimbie pamoja. Ndiye aliyenielekeza duka. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, sasa na hata milele.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Mwaka juzi ulimkatia simu mwalimu wa Tasnim kwa kuwa ana sauti nyororo, na alikuwa anataka kutuambia mtoto ana homa!

Nimekoma. Sitakimbia naye, sitamwitikia, akigonga sitafungua, nakuapia. Na simu nimeichomoa ukutani mpaka nirudi kutoka El Paso, maana sitaki kugombezwa na mtu. Lakini hayo ya saa kudaka moyo wa jirani ni maneno ya muuzaji anayetaka ununue saa ghali. Moyo ule ni wangu. Inaonekana hamtaki nilipate lori, wewe na Haitham wako, na sijui mnachokitaka ni nini.

Shuaib


Houston, 24 Oktoba 1998

Kwa Dada Moraa,

Hatujuani, ingawa inaonekana mume wangu unamjua vizuri. Mimi ndiye mke wa Shuaib wa ghorofa ya juu, yule ambaye labda hakukutajia.

Sina haja ya kukutukana, sikulelewa hivyo. Nataka ujue tu kwamba nimejua. Nimeambiwa na wauza saa kwamba mkikimbia mmekaribiana sana, moyo wako unaonekana kwenye saa yake. Basi daktari wa malori alipelekewa moyo wa nani? Mumeo, kama unaye, ungemweleza vipi jambo hilo? Bustani ni pana, njia ni pana, na wewe hukuona pa kuweka miguu yako isipokuwa kwenye kiwiko cha mume wa mtu.

Mimi nilimkataza hata kuuvaa mkanda ule kwenye ngozi, nikamwambia auvae juu ya fulana asije akadhurika. Kumbe la kumdhuru lilikuwa linakimbia pembeni yake.

Mwanabaraka


Arlington, 29 Oktoba 1998

Dada Mwanabaraka,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, nikataka kukujibu vile unastahili. Mara ya pili nilifika pale kwenye fulana, nikaketi.

Nina bwana, anaitwa Njoroge, yuko Nakuru anangoja visa mwaka wa tatu huu. Yeye pia huuliza maswali kama yako, kwa hivyo nimezoea. Nilikimbia karibu na mumeo kwa sababu nilikuwa naogopa ataanguka. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Nilimwambia, "Mzee, slow down, hiyo breathing siipendi hata kidogo." Akanionyesha saa, akacheka, akaniambia, "Saa inasema niko sawa, wewe ni nani?" Nilitazama ile namba, nikanyamaza. Mimi nesi, niliona uso wa mtu kwa macho yangu halafu nikaamini saa. Hilo linaniuma kuliko matusi yako.

Sasa nisikilize. Mkanda ule haufanyi kazi juu ya nguo. Lazima uloweshwe maji na ukae kwenye ngozi, ndiyo usikie moyo. Juu ya fulana kavu hautumi kitu. Ndiyo maana nyumbani saa ilikuwa haisemi chochote, aliniambia hivyo na tukacheka. Saa yake ilikuwa inadaka moyo wangu pekee, kuanzia siku ya kwanza. Mimi hukimbia kila asubuhi, miaka mingi, na kwa mwendo wake yule mapigo yangu hayawezi kupanda.

Uliuliza daktari alipelekewa moyo wa nani. Ni wangu. Amepewa kadi ya kuendesha lori kwa moyo wangu. Lakini la pili hukuuliza: wake ulikuwa unafanya nini huo muda wote? Hakuna anayejua, dada. Haujapimwa hata siku moja.

Nimegonga mlango wake leo na jana. Anajibu akiwa ndani, "Nimemwapia mke wangu," na hafungui. Nikimweleza kupitia mlangoni anafungulia redio. Jumatano anaondoka. Wewe ndiye mwenye kumtoa kwenye kiapo.

Moraa


KWA FAKSI, ofisi ya malori, apewe dereva Shuaib mkononi
Houston, 3 Novemba 1998

Baba Tasnim,

Barua ya Moraa nimeikuta leo jioni nikitoka kazini. Nimepiga simu yako, imekufa. Haitham yuko safarini. Nimempigia karani wenu, nikamsihi akuzuie, akaniambia mwenye kadi ya daktari hazuiliwi kwa maneno ya mke wake. Amekubali tu kukupa karatasi hii.

Sikuandikii kama mke mwenye wivu. Wivu ninao, nitautunza, tutaumaliza siku nyingine. Mume wangu, zile namba si zako. Mkanda juu ya fulana hausikii kitu, na fulana ni mimi niliyekwambia uvae. Mimi na ujinga wangu. Saa ilikuwa inasoma moyo wa yule dada na wako haukusomwa kamwe.

Kama huniamini, na nimekupa sababu zote za kutoniamini, basi jaribu mwenyewe. Vua fulana. Lowesha mkanda kwa maji. Ufunge chini ya chuchu, ukaze, usimame mahali pasipo na mtu, ukimbie kidogo tu. Kisha utazame. Kama namba ni ileile, endesha lori lako, na mimi nitakuomba radhi mbele ya ukoo mzima, wa kwenu na wa kwetu.

Sitaki Houston kila wiki. Sitaki lori. Nataka uwe hai hata kama utakaa Arlington na mimi Houston mpaka tuzeeke. Tasnim namwacha kwa jirani, napanda basi la usiku.

Mwanabaraka


Fort Worth, hospitalini, 4 Novemba 1998

Mwanabaraka wangu,

Muuguzi amenipa karatasi. Basi lako sijui limefika wapi, na hawa wananichukua karibuni, kwa hiyo naandika mbiombio.

Asubuhi karani alinipa faksi yako. Nikajua ni ugomvi, nikaikunja, nikaitia mfukoni bila kusoma. Nikawasha lori. Usinicheke, nililia kidogo nilipoliingiza barabara kuu, kwa furaha. Nilipopita Weatherford mkono ukawa mzito, nikaegesha kituo cha malori ninywe dawa ya gesi. Nilipotafuta dawa mfukoni ndipo nikaikuta karatasi.

Nilisoma, nikakasirika. Nikasema leo nitamwonyesha. Nikaenda nyuma ya kituo, hakuna mtu, nikavua fulana, nikalowesha mkanda kwa maji ya chupa, nikaufunga kama ulivyosema. Maji ya baridi, nikaruka. Nikakimbia mpaka kwenye uzio na kurudi. Si mbali, Tasnim angekwenda kwa mguu mmoja. Saa ikaandika mia na tisini. Nikasimama. Nikaketi chini nikangoja ishuke. Inapanda, inaporomoka, inapanda tena, kama mtu aliyepotea njia. Nilikaa pale nikauangalia moyo wangu kwa mara ya kwanza, nikauogopa kama mbwa mkali.

Nikaingia ndani nikampa yule mama wa kaunta funguo za lori. Nikamwambia, "Please call." Zaidi ya hapo Kiingereza kilinikimbia.

Wanasema mishipa mitatu imeziba. Wanasema ningefika El Paso maiti, na pengine si peke yangu, maana barabara ilikuwa na watu. Hilo la watu ndilo linalonitetemesha mpaka sasa. Watanipasua kifua leo.

Niliyokuficha ni mazoezi tu, na nilikuficha kwa woga. Kama sitaamka, liamini hilo moja.

Shuaib


Fort Worth, 7 Novemba 1998

Dada Moraa,

Barua hii nitaipenyeza chini ya mlango wako nikipita kuchukua nguo zake, maana uso kwa uso bado siwezi.

Amepona, au wanasema yuko njiani. Walimpasua saa nyingi. Karani wa malori ndiye aliyenielekeza hospitali, nikafika wakati wameshamwingiza, nikapewa viatu vyake ndani ya mfuko na barua aliyoniandikia. Nilikaa na mfuko ule mapajani mpaka daktari akatoka na kunikalisha chini, na nikawa namtazama mdomo bila kusikia, mpaka aliposema "good".

Nakushukuru. Usingeniandikia, ningekuwa nasafiri na jeneza. Ungeweza kuniacha na matusi yangu, na haki ungekuwa nayo. Lakini sitakuandikia uongo pia: nimekushuku, umeniokolea mume, na bado nakushuku, na yote yamekaa ndani yangu pamoja na hayataki kutoka. Labda yatatoka. Nimeomba chuo kinihamishie huku, na shule ya Tasnim nimeshaulizia, kwa hiyo tutaonana kwenye ngazi upende usipende.

Jana walimtoa bomba kooni. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilingoja aseme jina langu, au la Tasnim, au hata amwite mama yake. Akafumbua macho, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Moraa amekimbia leo?"

Ningeweza kusema mengi, unanijua sasa. Alikuwa ananitazama kama mtoto anayengoja kuambiwa hakuna kitu gizani. Wakati ule sikuwaza kama anakutaka wewe. Nilielewa kwamba kwa mwezi mzima alikuwa hai kwa moyo wako, hata kama ni kwenye saa tu, na anataka kujua kama bado unadunda.

Nikamwambia, "Amekimbia. Nimemwona akipita."

Akafumba macho, akalala.

Sikukuona, dada. Nilisema tu. Sijui kama jana ulikimbia. Kama hukukimbia, tafadhali kesho kimbia, upite chini ya dirisha la hospitali hii, upande wa maegesho. Nitamkalisha.

Mwanabaraka